Sura ya Tano: Gunia la Uzi wa Bluu

Mama Tereza hakupiga simu. Angepiga, pengine Yustina na Arcade wangekuwa mpaka leo wanadanganyana kwamba kinachowakutanisha kila jioni ni bajeti tu.

Alishuka stendi ya Mpanda Jumamosi, jua likiwa linakaribia utosini, mgongo umekakamaa na shingo imevimba pale mbung'o walipomuuma basi lilipokuwa linakatiza hifadhini. Gunia lake la mchele likashushwa kwa heshima. Magunia yote yanayotoka Mamba yanafanana, ila la Mama Tereza makonda walilijua kwa mbali. Lilishonwa mdomo kwa uzi wa bluu, uzi aliouchomoa kwenye neti kuukuu, akausokota, akaupitisha msalaba msalaba, mwisho akapiga mafundo mawili.

"Anayetaka kuiba mchele wangu aibe," alizoea kusema. "Shida ataipata kwenye kulishona tena."

Kwa kawaida gunia lilisafiri peke yake. Yustina, binti yake aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, alilipokea stendi, na likiisha alimpa konda gunia tupu alirudishe, maana kwa Mama Tereza gunia si kitu cha kutupa. Safari hii aliamua kulisindikiza. Alikuwa amemkumbuka mtoto wake. Na tuseme ukweli wote: jirani mmoja alikuwa amerudi kutoka mjini akamwambia, "Binti yako amenenepa." Mwanachuo kunenepa. Mama Tereza alisokota uzi siku ile huku akiwaza mambo yasiyohusu mchele kabisa.

Bodaboda ikamfikisha mtaa wa Makanyagio, gunia limelazwa mbele ya dereva, yeye nyuma ameukumbatia mkoba. Kizingitini mwa chumba alimkuta Doto, msichana aliyepanga na Yustina, anakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha.

Huyu Doto ana kaka anayeitwa Kashinje, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye humtumia hela kila mwanzo wa mwezi. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi Doto alikuwa tajiri. Nywele mpya, bando la kuangalia video mpaka macho yaume, chipsi kuku za kuwanunulia hata watu asiowajua majina. Utajiri ukiisha alirudi kwenye muhogo na kuusubiri mwezi ufe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

Doto akameza tonge ambalo halikuwa tayari kumezwa. "Yupo jikoni."

Mama Tereza akachungulia ndani. Jiko la mkaa lilikuwa chini ya kitanda, limepoa, limeota vumbi.

"Jiko si lile pale?"

"Kuna jingine, mama. La bajeti."

"Bajeti ni nani?"

"Sio mtu, mama." Doto akafikiri kidogo. "Yaani ni mtu, lakini anaitwa Arcade."

*

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, msije mkamhukumu Yustina kabla ya mama yake.

Mwaka wa kwanza Yustina aliishi kama Doto, tofauti ni kwamba Doto alitawanya hela na yeye alitawanya mchele. Akikwama nauli, anachota debe anampelekea mwenye duka. Mchango wa besidei ya mtu, debe. Tena alifanya hivyo miezi ya mavuno, bei ikiwa imelala chini kabisa. Waliobaki walikuja na vikombe vyao: "Yustina, nikopeshe, nitarudisha." Masika yalipochanganya, gunia lilikuwa limesharudi Mamba tupu, bei imepanda juu ya paa, na binti wa Mamba, aliyezaliwa katikati ya majaruba ya mpunga, akajikuta dukani anaomba apimiwe mchele nusu kilo.

"Huenda ni wa kwako mwenyewe, dada," mwenye duka alimwambia huku anapima.

Yustina alicheka. Alicheka mpaka nje ya duka, na alipofika kwenye kona kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Kijana mmoja mrefu aliyekuwa amekuja kununua kiberiti akamfuata, akasimama mbali kidogo, kama mtu anayeogopa kumkanyagia kivuli.

"Mwakani usiuze," alimwambia. "Ule."

"Nile na nini? Chumvi?"

"Mimi natoka Katumba. Maharage tunayo, unga tunao. Naula ugali mpaka ulimi umesahau kazi yake. Wewe lete mchele, mimi nilete hivyo vingine, mkaa tugawane. Hela inayotoka kwenu ikae kwa ajili ya ada."

Huyo ndiye Arcade. Hakusema jina lake mpaka walipomaliza kupanga nani atanunua mafuta.

Mavuno yalipofika gunia likahamia chumbani kwake, maana kwake wageni hawaendi. Mtu anayepika kwa kipimo cha kikombe kimoja kwa kila mdomo hapati wageni wengi. Na hela ikifika, ya Yustina au ya kwake, inagawanywa siku hiyohiyo: ada, kodi, mkaa na mafuta, kidogo ya ugonjwa, na mwisho kabisa fungu dogo ambalo Arcade aliliita hela ya ujinga.

"Ya nini tena hiyo?" Yustina aliuliza.

"Kila mtu ni mjinga kidogo. Mimi mwaka jana nilinunua miwani ya jua, nzuri sana, na sina daftari. Nikawa naingia darasani napendeza, siandiki. Kwa hiyo ujinga tuupe fungu lake, na mtu akilitumia tusiulizane."

Siku moja waliunganisha hela zao za ujinga wakala chipsi mayai karibu na stendi, sahani moja, vijiti viwili. Kipande cha mwisho kikabaki. Yustina akakisukuma kwa Arcade, Arcade akakirudisha kwa Yustina, kikaenda na kurudi hivyo mpaka mhudumu akachoka akaondoa sahani. Walirudi kwa miguu, mabega yanagusana kila baada ya hatua chache kana kwamba njia ni nyembamba, na njia yenyewe inapitisha lori.

*

Sasa Mama Tereza, kwa maelekezo ya Doto, amesimama uani kwa Arcade, na nyuma yake dereva wa bodaboda ameegesha na gunia jipya.

Yustina alikuwa ameinamia jiko anakaanga kitunguu. Arcade alikuwa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama," Arcade alijibu bila kuinua uso, akidhani ni mama mwenye nyumba. "Leo mkaa hatukopeshi, bajeti imekaza."

"Sijaja kukopa mkaa. Nimekuja kuangalia gunia langu."

Mwiko wa Yustina ukasimama.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Tereza akawapita wote wawili, akaingia, akaushika uzi wa bluu uliokuwa unaning'inia kwenye mdomo wa gunia lililobaki nusu. Akautazama kama anayetazama kidole chake mwenyewe kimeota kwenye mkono wa mtu mwingine.

"Uzi huu nimeusokota kwa paja langu hili. Kitanda hiki cha nani?"

"Changu, mama," Arcade alisema. Alikuwa ameshasimama, na ungo ulikuwa bado mikononi.

"Gunia langu na kitanda chako vimefahamiana lini?"

Kitunguu peke yake ndicho kilichoendelea kuongea.

"Yustina, simama nikuone. Geuka." Yustina akageuka. "Umenenepa."

"Nakula, mama. Mwaka jana nilikuwa sili."

"Hukuniambia kama ulikuwa huli."

"Ungeuza mpunga wa mbegu, mama. Nakujua."

Mama Tereza akakitafuta kigoda kwa mkono, akaketi. Macho yake yakatulia kwa kijana.

"Mnaishi pamoja?"

"Hapana, mama. Yeye analala na Doto. Hapa tunapika."

"Watu wanajua hivyo, au nyie ndio mnajua?" Hakusubiri jibu. "Kwenu wapi?"

"Katumba." Arcade alilizoea swali linalofuata, akaliwahi. "Babu ndiye aliyevuka kuja huku, akiwa mkimbizi. Baba amezaliwa hapahapa, na mimi vilevile."

"Sijauliza babu yako alivuka nini. Nauliza mnalima nini."

"Maharage. Mahindi. Mihogo kidogo."

"Hm. Na ada ya huyu?"

"Imelipwa yote," Yustina alisema. "Mpaka mwisho wa mwaka."

Mama Tereza alikuwa amejiuliza nyumbani mbona mwaka huu simu za "mama nimekwama" hazipigwi, akadhani labda mtoto amepata wa kumkwamua. Na kweli alikuwa amempata, ila si kwa namna ile aliyoiogopa shambani.

"Basi nipeni neno moja niondoke nalo," alisema. Akamnyooshea Arcade kidole, taratibu, bila ukali. "Huyu ni nani wako?"

Yustina akamtazama Arcade. Alikuwa amelisubiri swali hilo tangu siku ya chipsi, akiomba mtu mwingine aliulize kwa sababu yeye hawezi. Alizitazama zile nyusi zinazokunjana anapopiga hesabu, na zikakunjana.

"Tunachangia sufuria, mama," Arcade alisema.

Harufu ya kitunguu kilichoungua ikajaa ua mzima. Hakuna aliyekiepua.

"Sawa," Mama Tereza akasimama. "Kama ni sufuria tu, sufuria hugawanywa. Shangazi yako yupo Kakese, ana chumba na ana baiskeli. Jioni hii nakupeleka, utakuwa unakuja chuo ukitokea kule. Huyu kijana mwachie nusu ya mchele uliobaki, amekulisha, sina neno naye. Mimi narudi kwa yule mwenzio, nimemkuta anakula muhogo mkavu kama mfungwa. Nikija, gunia liwe limefungwa."

Akatoka, dereva wa bodaboda akamfuata na gunia jipya.

*

Yustina aliepua kikaango. Akaleta debe. Arcade akashika gunia, yeye akaanza kuchota. Mchele ukawa unaanguka kwa sauti ile ya mvua inayosita.

"Tunachangia sufuria," Yustina alisema.

"Ulitaka nisemeje?"

"Sikutaka useme chochote. Nilitaka uwe na la kusema."

"Mama akiniuliza wewe ni nani wangu, ananiuliza nitafanya nini. Mahari sina. Kazi sina. Nina mitihani mbele yangu na maharage ndani ya kiroba. Siwezi kuahidi kitu ambacho hakina fungu, Yustina. Unanijua."

"Nani amekuomba mahari?" Sauti yake haikupanda, ndiyo maana iliuma zaidi. "Wewe hata maneno unayapima kwa kikombe. Kila wiki unaniuliza mkaa umebaki kiasi gani. Mimi hujawahi kuniuliza nimebaki kiasi gani."

Arcade akaliachia gunia. Mdomo wa gunia ukalala, mchele kidogo ukamwagika sakafuni, na huyo mtu aliyekuwa anaokota hata punje iliyoangukia mkekani hakuinama.

"Ile chipsi ya mwisho," alisema.

"Ipi?"

"Ile aliyoondoka nayo mhudumu. Ningekubali kuila, tungekuwa tumemaliza, tungeondoka. Mimi nilitaka tusiondoke."

Yustina akageuza uso ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika, na Arcade hakujua ni kilio au ni kicheko, mpaka alipogeuka akaona ni vyote viwili.

"Kumbe unayo maneno."

"Ninayo mengi. Nimeyawekea akiba."

"Ya nini?"

"Ya siku nitakapokuwa na kitu cha kuyasindikiza."

"Siku hiyo mimi nitakuwa Kakese," Yustina alisema, "napanda baiskeli ya shangazi."

Nje kandambili za Mama Tereza zikasikika zinarudi. Arcade akajifuta viganja kwenye suruali, akatoka kabla hajaitwa. Yustina akabaki ameshika debe, anasikiliza.

"Mama, lile swali nilikujibu vibaya."

"Gunia limefungwa?"

"Bado."

"Basi jibu upya, muda upo."

"Mimi siahidi nisichonacho. Mahari sina leo, na sijui lini, nikikutajia siku nitakuwa nadanganya. Lakini nampenda Yustina. Nilikuwa nimeliweka hili neno mpaka niwe na uwezo. Leo nimelitoa kwenye fungu la ujinga, na fungu hilo huwa hatuulizani."

Mama Tereza akamtazama. Akamtazama binti yake, aliyekuwa ametokeza mlangoni na debe lake.

"Anasema nini huyu?"

Yustina akamweleza kuhusu hela ya ujinga, miwani ya jua, daftari ambalo halikuwepo. Alipofika pale Arcade anaingia darasani amependeza na haandiki, mama akaziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Na wewe?" aliuliza, macho yamerudi kuwa ya mama.

"Na mimi, mama. Toka zamani."

"Hm," Mama Tereza alisema. Akaketi kwenye kigoda. "Nina njaa. Nimetoka Mamba na chai tupu."

Wakabandika wali, na ulipoiva wakampakulia na maharage yenye kitunguu kilichoungua. Alikula polepole, na wale wawili wakawa wamesimama kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alipomaliza alikomba sahani kwa kidole.

"Maharage ya kwenu haya?"

"Ndiyo, mama."

"Yanaiva vizuri."

Nyie mnaosoma, hilo msilichukulie kirahisi. Mama Tereza hajawahi kusifia maharage ambayo hakuyalima yeye.

"Sasa nisikilizeni," aliendelea. "Kakese tuiache. Lakini sufuria itoke kwenye chumba cha mwanaume. Itakaa kule kwa wasichana, barazani, mama mwenye nyumba wao akipita aone, na anayetaka kusema aseme alichokiona. Wewe utakuja na maharage yako, utakula, utaosha vyombo, utarudi kwako. Na yule Doto aingizwe."

"Mama, Doto atamaliza gunia," Yustina alisema.

"Si mna kikombe? Apimiwe. Na hela ya kaka yake ikiingia, mmshike mkono siku hiyohiyo kabla hajafika kwa msusi."

Arcade alilibeba begani lile gunia lililobaki nusu mpaka kwa wasichana, likalala ubavuni mwa jipya. Mama Tereza akatoa sindano ya gunia kwenye mkoba, akalifumua jipya, ambalo halikuwa limejaa sana, akamimina mchele wa zamani juu yake mpaka likajaa, akaanza kulishona upya. Msalaba, msalaba, mafundo mawili. Yustina alimtazama akikata uzi kwa meno, akakumbuka jambo.

"Likiisha nimpe konda, kama siku zote?"

"Hapana. Hili konda asiliguse." Mama Tereza hakuinua uso kutoka kwenye fundo. "Atalileta huyu. Kwa mkono wake, mchana, baba yako akiwa nyumbani."

Doto, aliyekuwa anafuta vumbi kwenye jiko, akauliza, "Kwani konda kakosa nini?"

Kijana mgeni akishuka Mamba na gunia tupu lenye uzi wa bluu, ataonekana kuanzia barabarani, na kila mama atatoka nje kufuta mikono kwenye khanga. Arcade alilijua hilo. Yustina alimwona anavyolijua, kwa namna masikio yake yalivyobadilika rangi.

*

Jumapili baada ya ibada walipika barazani kwa mara ya kwanza. Mama Tereza alikuwa ameshaondoka na basi la asubuhi. Mama mwenye nyumba akapita, akaona, akapita tena, hakuona jipya.

Yustina akafumua uzi kwenye kona moja ya gunia, akapima mchele. Kikombe kimoja chake, kimoja cha Arcade, kimoja cha Doto. Kisha akachota cha nne.

"Hicho cha nani?" Arcade aliuliza. "Tupo watatu."

"Cha gunia."

"Gunia linakula?"

"Nataka liishe," Yustina alisema, akakimimina.

Arcade akalitazama gunia, lilivyonenepa, lilivyojaa mpaka kwenye mafundo. Nyusi zikakunjana. Yustina alizijua: alikuwa anapiga hesabu ya watu watatu, kikombe kwa kila mdomo, itachukua muda gani mpaka Mamba. Akazitazama mpaka zilipokunjuka.

Arcade akakichukua kikombe mkononi mwa Yustina, polepole kuliko ilivyohitajika, akachota cha tano.

Doto akawatazama, mmoja, halafu mwingine. Kisha, kwa kuwa hakuelewa kitu na hakutaka kuuliza, jambo lisije likaharibika, akainuka kwenda kutafuta sahani kubwa zaidi.